Nyumba ya Pili ya Mume Wangu

Tarehe 2 Machi

Leo tumeiona nyumba. Naanza kuandika kwa sababu moja tu: shughuli ya kununua nyumba ina midomo mingi, na kila mdomo una faida yake pembeni. Siku nikiulizwa nani alisema nini, sitaki kujibu "nadhani".

Ina vyumba vitatu, jiko lenye dirisha, na varanda ndogo ya saruji. Mwenyewe ni mzee mjane aliyekuwa akifundisha udereva. Alitutembeza kama anayemtahini mtu barabarani: "Kushoto bafu. Tazama nyuma kabla hujarudi." Binti yetu, aliye darasa la saba, alikwenda moja kwa moja kwenye chumba kidogo cha mwisho, akajifungia. Tangu azaliwe analala sebuleni nyuma ya pazia. Tukamsikia anafungua mlango na kuufunga, anafungua na kuufunga.

Mume wangu alipanda darini kukagua mbao. Ni fundi wa lifti, haamini kitu chochote kinachokaa juu ya vichwa vya watu mpaka akishike. Akashuka na vumbi kwenye nyusi, akasema, "Safi." Kwake hiyo ni hotuba.

Mimi natengeneza meno ya bandia, kwa hiyo namtazama mtu mdomo kabla sijamsikiliza. Mzee yule anatabasamu kupita kiasi. Mtu anauza nyumba aliyoishi na marehemu mkewe, bei yake si ya kutisha, na anatabasamu. Kuna nini?

Tarehe 4 Machi

Mvua imeanza. Nikitoka kazini nilipita pale peke yangu nione kama maji yanatuama uani. Hayatuami. Sijaridhika.

Tarehe 8 Machi

Alikuja shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, pamoja na dalali. Shemeji huyu mimi na binti yangu tunamwita Mwenyekiti, kwa siri, kwa sababu hata akija kunywa chai lazima afungue kikao. Ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Ndiye aliyemlipia mume wangu chuo cha ufundi, na ndiye aliyemnunulia mama yao nyumba. Mambo hayo mawili hakuna asiyeyajua, maana huyasema mwenyewe kabla chai haijapoa.

"Shemeji," akaniambia, "nyumba hainunuliwi kwa bei moja. Inanunuliwa kwa bei mbili. Moja ya mkataba, moja ya mkononi."

Dalali akadakia. "Kodi ya ununuzi inakatwa kwenye bei ya mkataba, mama. Mkiandika nusu, mnalipa kodi ya nusu. Ndivyo watu wanavyofanya."

Dalali ana meno mawili ya bandia mbele, kazi ya kulipua, meupe kuliko wenzao. Nikayauliza yale meno: "Benki itatukopesha kwa bei ipi?"

Akajikuna sikio.

"Na mzee akikana kwamba amepokea ile ya mkononi? Na siku tukitaka kuuza, tukaulizwa imekuwaje nyumba imepanda mara mbili wakati hatujaongeza hata tofali, tutajibu nini?"

Mwenyekiti akacheka, akamgeukia mdogo wake. "Mkeo angefaa kuwa hakimu."

Mume wangu alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Bei moja," nikasema.

"Bei moja," akasema na yeye, kwa sauti ya mtu anayepita tu.

Walipoondoka nikamuuliza kaka yake anapata nini hapo. "Anatusaidia tu," akajibu. Mimi watu wanaosaidia tu huwa nawaangalia mikono.

Tarehe 9 Machi

Mvua. Binti ameshapanga rangi ya chumba chake.

Tarehe 13 Machi

Tumesaini mkataba kwa wakili, kwa bei moja, na tumetoa malipo ya awali. Tukishindwa kukamilisha kabla ya mwisho wa Aprili, malipo hayo hayarudi. Mzee alisisitiza sana tarehe. "Msichelewe," alisema, "mkichelewa nitabadili mawazo." Tena anatabasamu. Nikamuuliza pale pale, mbele ya wakili, haraka ya nini. Akasema anahamia kwa bintiye, na anajijua: akikaa pale mwezi mmoja zaidi hatatoka tena. Nikaona haya. Lakini si sana.

Wakili alituelezea kodi taratibu, kama anawaelezea watoto, na nilimshukuru kwa hilo. Hati haihamishwi mpaka kodi ya ununuzi iwe imelipwa. Anayelipa ni mnunuzi. Kaya isiyo na nyumba nyingine inalipa asilimia mbili ya bei. Kaya yenye nyumba tayari inalipa asilimia nane, maana serikali inasema wa kwanza apate kwanza. Na mume na mke huhesabiwa kaya moja, hata kama hati ina jina la mmoja.

"Sisi hatuna hata banda la kuku," nikasema.

Wakili akacheka. Mume wangu hakucheka. Nilidhani ni kola inambana, alikuwa amevaa shati la harusi ya mtu.

Tarehe 15 Machi

Nimemwambia twende ofisi ya kodi. "Tusubiri kwanza," amesema.

Tarehe 17 Machi

"Tusubiri kwanza." Nimeuliza tunasubiri nini. Amesema ana lifti imekwama hospitalini. Inawezekana.

Tarehe 19 Machi

Ameniambia bado ana lifti. Nimechukua vitambulisho vyote viwili ili kesho niende mwenyewe. Hajakataa. Amekaa na kiatu mkononi muda mrefu, kimoja, bila kukivaa.

Tarehe 20 Machi

Sikwenda kazini mchana. Naandika yote, hata nikirudia.

Ofisi ya kodi ina madirisha mengi na viti vya chuma vilivyoungana, mmoja akitikisa mguu wote mnatikisika. Nilipangiwa dirisha la tatu. Mbele yangu alikuwa mwanamume mwenye suti aliyekuja na bei ya nusu. Nilijua ni nusu kwa jinsi alivyoitamka. Mama wa dirishani, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, hakubishana naye. Alimwambia tu, "Mthamini wetu atapita. Tunachukua bei yako au thamani yake, ile iliyo kubwa. Ikizidi sana, na faini." Mtu wa suti akakumbuka amesahau karatasi nyumbani.

Nikajisikia mwadilifu. Nikasogea na vitambulisho vyangu kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

Mama wa dirishani akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Nyumba ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Kwako ndiyo. Kwa mumeo ni ya pili."

Nikamwambia hapana, mama, tunapanga, tumepanga tangu tuoane. Akageuza uso kwenye kompyuta, akasoma jina la mume wangu lote, majina matatu, na namba ya kitambulisho, na vyote vilikuwa vyake. "Ana nyumba. Kiwanja namba arobaini na sita, kitalu D. Ya muda mrefu tu."

"Ni nyumba gani?"

"Ina watu, si kiwanja kitupu. Zaidi ya hapo aje mwenyewe." Akashusha miwani. "Mama, mimi hapa dirishani nimeona mengi. Kunywa maji kwanza. Lakini kwa jinsi ilivyo sasa, kodi yenu ni asilimia nane."

Nilitoka nikakaa kwenye vile viti vya chuma. Asilimia nane ni fedha tuliyoweka ya kuezeka upya, na ya milango, na ada, na bado haitoshi. Lakini si hiyo iliyonikalisha pale. Ni yale maneno: ina watu.

Jioni nilimuuliza akiwa ananawa mikono.

"Ofisi ya kodi wanasema una nyumba."

Maji yakaendelea kutiririka. "Ni makosa ya kompyuta," akasema.

Huyu ndiye mtu ambaye kila lifti ikikwama husema mashine haina kosa, kosa ni la aliyebonyeza. Nimemwekea chakula, nimekaa kwenye kiti cha mbali, nimemtazama anavyotafuna.

Tarehe 22 Machi

Nimefikiri: nyumba yenye watu. Watu gani?

Tarehe 23 Machi

Viatu vyake vina udongo mwekundu. Mtaani kwetu udongo ni mweusi. Amesema ni wa hospitalini, wanachimba mtaro. Nimepiga simu hospitalini nikijifanya nauliza habari ya lifti. Wanachimba mtaro kweli. Sijafurahi kama nilivyotarajia.

Tarehe 25 Machi

Mvua. Nimeharibu seti ya meno ya juu ya mwalimu mkuu mstaafu, nimeyapanga kama ya mtu anayeng'ata. Bosi kaniuliza kama naumwa.

Nimehesabu kila Jumamosi aliyosema yuko kazini. Nimekumbuka kila shati jipya. Nilikuwa namwona mume wangu ni mtu wa maneno machache, sasa namwona ni mtu mwenye mengi asiyoyasema. Ni mtu yule yule, anakoroga chai ile ile.

Tarehe 27 Machi

Nimekwenda ofisi ya ardhi, nikalipia kuangaliwa ramani. Kijana wa pale akaweka kidole: kitalu D kiko nyuma ya tangi kubwa la maji, mlimani. Akaniandikia njia ya kupita, kwa barabara mpya ya juu.

Kesho saa ya chakula nakwenda. Nimejiandalia maneno. Kama ni mwanamke, sitapiga kelele. Nitamsalimia, nitamtazama mdomo, basi.

Tarehe 28 Machi

Nimekwenda.

Nilishukia kwenye barabara ya juu, mvua inapiga kwa ubavu, mwavuli umegeuka. Nikafuata namba zilizoandikwa kwa rangi kwenye mageti: arobaini, arobaini na moja, geti la kijani, geti lililovunjika. Kwenye arobaini na tano kulikuwa na mbwa aliyenibwekea kama ananijua nia. Arobaini na sita lilikuwa geti dogo la nyuma, la bati, limepakwa rangi ya kahawia.

Nikasimama. Nilikuwa nimeinua mkono nibishe, nikauona mnyororo wa lile geti. Una kufuli iliyofungwa kitambaa cha maua isiloe. Kitambaa kile ni pindo la gauni langu la zamani. Nililishona pindo hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Geti likafunguka kabla sijabisha. Mama mkwe wangu alitoka na beseni la kukingia maji.

"Wewe," akasema, "unasimama kwenye mvua kama mgeni kwa nini? Na leo umepitia nyuma?"

Miaka yote nimekuja nyumba hii kwa barabara ya chini, kwa mlango wa mbele. Tangi la maji halionekani kutoka huko, na sijawahi kutazama namba. Nani hutazama namba ya nyumba ya mama mkwe?

Akaniingiza, akanipa taulo na chai. Jikoni, ndoo mbili zilikuwa chini ya bati zikipokea matone. Nilikaa nikijikausha nywele, sijui kama nicheke au nilie. Mwisho nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za hewa:

"Mama, nyumba hii hasa ni ya nani?"

"Ya kaka yenu, si unajua? Ananikumbusha kila akija." Akasogeza ndoo kwa mguu. "Hata bati hili. Namwambia linavuja, ananiambia mama, nyumba ni yangu, nitatengeneza nikipata nafasi. Nami nashukuru tu. Nitafanyaje?"

Nilirudi kazini nimelowa hadi kwenye mifupa na nimefurahi kama mwehu. Furaha ilikaa mpaka saa kumi hivi. Kisha nikaanza kuwaza: kama si mwanamke, kwa nini alinificha?

Tarehe 29 Machi

Jumapili. Tulitembea hadi uwanja wa mpira, hakuna mtu kwa sababu ya matope. Nikamwambia, "Kitalu D, arobaini na sita. Nimekunywa chai huko."

Akakaa kwenye ngazi za uwanja, zimelowa, hakujali.

Alinisimulia hivi. Mwaka tuliochumbiana, Mwenyekiti alitaka kumnunulia mama nyumba. Lakini yeye tayari alikuwa na yake, na ya pili ingetozwa asilimia nane. Mdogo wake hakuwa na kitu. Akamwita dukani, akamwekea karatasi juu ya mifuko ya saruji. "Saini hapa, mdogo wangu, mwakani tutairudisha." Akasaini. Mwakani ikaja ikapita. Kila mwaka akiuliza, jibu ni mwakani.

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu." Akafuta maji kwenye ngazi kwa kiganja. "Halafu niliogopa utasema ni yetu."

"Ningesema."

"Najua."

Tulicheka kidogo, bila kutazamana. Lakini nilimwambia ukweli: afadhali angekuwa na kitu cha kunificha kwa ajili yake mwenyewe. Kunificha kwa ajili ya kaka yake kunaniuma zaidi. Akaanza kukwangua matope kwenye kiatu chake.

Tarehe 2 Aprili

Amemwambia kaka yake kwa simu. Kaka yake amesema atakuja tuzungumze.

Tarehe 6 Aprili

Mvua. Hajaja.

Tarehe 9 Aprili

Mvua. Hajaja. Mzee wa udereva amepiga simu kuuliza kama tuko pamoja bado. Nimemwambia tuko pamoja. Nimejisikia ninadanganya mambo mawili kwa sentensi moja.

Tarehe 12 Aprili

Mwenyekiti amekuja, amevaa koti. Akavua viatu, akakaa kiti cha mume wangu, akafungua kikao.

Alisema amelitafakari suala hili kwa mapana yake. Alisema hati ya mama haiwezi kuguswa, maana akijitokeza kuwa ndiye mwenye nyumba, atadaiwa ile kodi aliyoikwepa na faini ya miaka yote juu yake. "Mnataka kunitia mikononi mwa serikali, mimi niliyemsomesha huyu?" Kisha akainamia mbele, akashusha sauti, ingawa sebule yetu ni ndogo na binti alikuwa nyuma ya pazia na vitabu vyake.

"Kuna njia. Mnaachana."

Nikadhani sijasikia.

"Kwa karatasi tu, shemeji! Talaka ya karatasi. Wewe unakuwa mwanamke asiye na mume, asiye na nyumba. Asilimia mbili. Unanunua kwa jina lako. Miezi michache mnaoana tena, na sherehe nagharimia mimi."

Nilimtazama mume wangu. Nilimtazama mdomo. Nilisubiri ufunguke useme hapana. Neno dogo sana, hata mtoto mchanga analijua.

Haukufunguka.

Mvua ilikuwa inapiga bati, na nyuma ya pazia kurasa zilikuwa zimeacha kugeuzwa. Nilisubiri kwa muda ambao ungetosha kumenya kitunguu. Mume wangu alikuwa anatazama soksi za kaka yake.

"Shemeji," nikasema, "viatu vyako viko mlangoni."

Akaondoka akisema anaelewa nina hasira, tutazungumza nikitulia. Mume wangu akamsindikiza na mwavuli. Akamsindikiza! Aliporudi nilikuwa nimeshaingia nyuma ya pazia, nimejilaza kwa binti yangu. Binti akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, mtaachana kweli au kwa karatasi?" Nikamwambia hatuachani kwa namna yoyote. Akauliza, "Na baba amesema hivyo?"

Tarehe 13 Aprili

Sizungumzi naye. Sasa nashuku hata nilivyoshuku mwanzo. Labda nilikuwa natafuta mwanamke kwa sababu mwanamke ningemweza. Kaka simuwezi.

Tarehe 14 Aprili

Amejaribu kusema kitu asubuhi. Nilikuwa napiga mswaki. Niliendelea kupiga mswaki mpaka akaondoka.

Tarehe 16 Aprili

Nimerudi dirisha la tatu. Nikamuuliza yule mama, nikijifanya nauliza kwa niaba ya rafiki, kama watu wakiachana ili kupata asilimia mbili inakuwaje.

"Rafiki yako na wewe ni wa ngapi wiki hii, sijui," akasema. "Wakiachana na wakaendelea kulala nyumba moja, tunawahesabu kaya moja vile vile. Na faini. Na talaka wanabaki nayo."

Nikamweleza basi ukweli, wote. Akanisikiliza huku anasafisha miwani kwa ncha ya kitenge. Akasema kuna njia moja tu iliyonyooka: aliyenunua hasa aje mwenyewe, akiri, alipe tofauti na faini. Wakishakubali kwamba nyumba ni yake na jina la mume wangu liliazimwa tu, rekodi inasafishwa, nasi tunabaki watu wasio na nyumba. Akija kwa hiari yake faini ni ndogo. Wakimfuata wao, si ndogo.

"Atakuja?" akaniuliza.

"Hawezi kuja," nikasema.

"Basi lipeni nane," akasema, na kumwita anayefuata.

Tarehe 18 Aprili

Niliyaandika maneno ya mama wa dirishani kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa kabati upande wa mume wangu. Jioni nikaikuta haipo. Nikajua ameitupa.

Tarehe 19 Aprili

Hakuitupa.

Leo asubuhi alisema, "Vaa, twende kwa mama." Nikamuuliza kuna nini. "Vaa tu." Tulipofika, Mwenyekiti alikuwa tayari pale, ameitwa, anasoma gazeti sebuleni kama mwenye nyumba. Mama alikuwa jikoni anamwaga ndoo.

Mume wangu hakukaa. Akatoa ile karatasi yangu mfukoni, imekunjwa mara nne, akamwekea kaka yake juu ya gazeti.

"Kaka, nenda ukakiri. Faini ni ndogo ukienda mwenyewe."

"Tumeshalizungumza hilo."

"Umelizungumza wewe. Kama huendi, sawa. Mimi nitalipa nane. Lakini nikilipa nane, ninalipa kwa sababu nina nyumba mbili. Basi ninazo mbili. Hii ni yangu."

Mwenyekiti akaweka gazeti chini. "Unasema nini?"

"Jina ni langu. Saini ni yangu. Ulinipa mwenyewe, juu ya mifuko ya saruji."

"Utaniibia mimi? Mimi niliyekusomesha?"

"Umenisomesha, nakushukuru, nitakushukuru mpaka nife. Lakini shukrani hiyo mke wangu haidaiwi."

Nilikuwa nimeshika mwavuli uliolowa, unanichuruzikia miguuni, sikuuhisi. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na ndoo mkononi. Akamtazama mkubwa, akamtazama mdogo.

"Kumbe nyumba ni ya huyu?" akauliza. "Miaka yote hii nimeshukuru mlango usio wenyewe?"

"Mama, ni karatasi tu..." Mwenyekiti akaanza.

"Wewe nyamaza. Mara ngapi umeniambia nyumba ni yako, utatengeneza ukipata nafasi?" Akamgeukia mume wangu. "Haya mwenye nyumba, bati la jikoni linavuja."

"Kesho nakuja na ngazi, mama."

"Uje asubuhi. Jioni nina mazoezi ya kwaya."

Mwenyekiti alivaa viatu bila kufunga kamba. Kikao kiliahirishwa bila yeye kukiahirisha.

Njiani nilitaka kumwambia mume wangu kitu, sikujua kipi. Niliogopa ni maigizo. Niliogopa pia si maigizo, maana tukilipa nane tumefilisika.

Tarehe 20 Aprili

Amekwenda na ngazi. Kaomba ruhusa kazini.

Mama alinisimulia kwa simu. Mume wangu alikuwa juu ya bati tangu asubuhi, anagonga, majirani wanatoka kuuliza. Mama anawajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ni mwenye nyumba anatengeneza nyumba yake." Gari la Mwenyekiti likapita mara ya kwanza. Likapita mara ya pili. Mara ya tatu likasimama, akashusha kioo, akamtazama mdogo wake aliyekaa juu ya paa na misumari mdomoni. Hawakusalimiana. Likaondoka kwa kasi, likirusha matope.

Tarehe 21 Aprili

Mama wa dirisha la tatu amenipigia, kwa namba iliyo kwenye faili letu. "Mtu wenu amekuja," akasema. "Amekuja na wakili na koti. Amekaa kwenye viti vya chuma kama wengine. Kila kitu amesaini leo leo, kama anayefukuzwa."

Nikamuuliza alikuwaje usoni.

"Kama mtu anayeogopa kuibiwa," akasema.

Tarehe 23 Aprili

Jua, kidogo. Nimemuuliza mume wangu kama angeichukua kweli nyumba ya kaka yake.

Amefikiri. "Sijui. Lakini nilipokuwa juu ya bati nilijisikia vizuri."

Nikamuuliza na lile jingine. Siku ya talaka ya karatasi, kwa nini alinyamaza?

"Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia hapana," akasema. "Sijawahi kumwambia. Sikujua linaanzia wapi."

Nilimtazama mdomo muda mrefu, na yeye akaniacha nimtazame. Nimemwamini. Nimebakiza kidogo, kama mtu anavyobakiza nauli.

Tarehe 29 Aprili

Rekodi imesafishwa jana. Leo tumekwenda wote wawili dirisha la tatu na tumelipa asilimia mbili. Mzee wa udereva ametukabidhi funguo nje ya ofisi ya wakili, na safari hii hakutabasamu hata kidogo. Alimshika binti yangu bega akamwambia dirisha la chumba cha mwisho linataka kusukumwa juu kwanza ndipo lifunguke. Kisha akaingia kwenye gari la bintiye, kiti cha abiria, akafunga mkanda, akatazama mbele.

Kabla ya hapo, dirishani, mama wa miwani alituuliza risiti na hati ziandikwe majina yapi.

"Yote mawili," nikasema.

"Lipi litangulie?"

"Lake," akasema mume wangu, hata hakufikiri.

Mtu huyu hufikiri kabla ya kuagiza soda. Nikamgeukia. "Kwa nini langu?"

"Mama," akasema yule wa dirishani, "kuna watu nyuma yenu. Liandikwe au lisiandikwe?"

"Liandike," nikamwambia, lakini sikumwondolea mume wangu macho. "Kwa nini langu?"

Akajikuna nyusi.

"Ili siku nyingine mtu akiniletea karatasi nisaini," akasema, "nimwambie asubiri, nikamuulize mwenye nyumba."